Ngazi ya Pili ya Njiru

Nimestaafu majuzi. Hakukuwa na keki wala hotuba. Mjengoni mtu hustaafu siku ambayo magoti yake yanakataa kupanda jukwaa, na yangu yalikataa hadharani, nikiwa katikati ya ngazi ya mbao na karai la simiti mkononi. Vijana walinishusha kwa adabu, wakanitafutia ndoo ya kukalia, na mmoja akaniambia, "Buda, wewe sasa kaa hapo utupigie stori." Basi stori ni hizi. Nimeziandika kwa sababu nikizisema kwa mdomo mnaanza kuangalia simu kabla sijamaliza kuchimba msingi.

Sitasema nililipwa ngapi, maana jibu litamtia aibu mtu, kama si mimi basi aliyenilipa. Vyeo navyo sitavigusa. Mjengoni viko vitatu tu: mtu wa mkono, fundi, na yule anayepiga kelele. Nimevishika vyote na hakuna kilichonizuia kulowa mvua. Nataka kuwaambia habari za nyumba moja ndogo ya ghorofa iliyokuwa Njiru, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza kazi, ingawa nilikuwa nimeshaifanya miaka kadhaa nikidhani naijua.

Nilifika Nairobi miaka ya sabini nikitokea Murang'a, nikakaa kwa mjomba wangu Shauri Moyo, katika zile nyumba za baraza la jiji ambazo chumba kimoja kiligawanywa kwa pazia na pazia likaitwa ukuta. Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa Fundi Karanja, mtu mfupi mwenye sauti ya upole na mikono migumu. Mjomba alinipeleka kwake jioni moja na kumwambia, "Huyu ana nguvu na hana kazi." Karanja aliniangalia miguu, si mikono, akasema nije kesho na viatu vilivyofungwa.

Siku ya kwanza nilibeba maji kutwa nzima. Niliposhika mwiko wake ili niusogeze tu, alinipiga kikofi cha vidoleni. "Mwiko wa mtu haushikwi," alisema. "Wewe ungeazima mswaki wangu?" Wiki hiyo hiyo alinipeleka Gikomba kwa wafua vyuma, nikafuliwa tindo langu la kwanza kutoka kwa kipande cha springi ya lori. Tulisimama pale tukisubiri, nyundo zikilia kila upande hata hatukuweza kuongea, na Karanja akawa anatabasamu peke yake. Alilipenda soko hilo. Tindo ninalo mpaka leo, limebaki fupi kama kidole gumba, na hakuna tindo la duka lililowahi kunihudumia vile.

Nyinyi mna kile chombo kinachotupa mstari mwekundu ukutani. Sisi tulikuwa na timazi, kamba, na mpira wa maji. Mpira ule mwembamba unaoonyesha ndani, unaujaza maji, mmoja anashika ncha huku na mwingine kule, na mahali maji yanapotulia pande zote mbili ndipo usawa ulipo. Karanja alisema maji hayana rafiki wala ndugu, ndiyo maana yanaaminika. Ila ukiacha kipovu cha hewa ndani ya mpira, maji yatakudanganya kuliko binadamu. Hilo mliandike mahali.

Upande wa pili wa uwanja wetu palikaa dereva mmoja Mkamba, Nzioka, tuliyemwita Baba Mwikali kwa jina la binti yake wa pekee. Aliendesha lori la mawe la tajiri mmoja, akiyatoa kwenye machimbo ya Njiru na kuyapeleka kila palipokuwa na mtu anayejenga. Mkewe, Mama Mwikali, aliuza ndengu na maharagwe Gikomba. Walikuwa watu wa kanisani, wacheshi, na wasiokopa sufuria za watu. Walikuwa na shida moja, na uwanja mzima uliijua.

Mama Mwikali alizaliwa peke yake. Mama yake, ambaye sote tulikuja kumwita Susu, yaani nyanya, aliishi mbele ya Kangundo bila mtu. Mvua ilikuwa imeangusha ukuta mmoja wa nyumba yake na mguu wake ulikuwa umeanza kukataa kwenda kisimani. Kila mwisho wa juma Mama Mwikali alipanda basi kumpelekea chakula na kumtekea maji, akirudi Jumapili usiku akiwa amechoka mpaka hasalimii. Ungedhani angemleta tu Shauri Moyo. Haikuwezekana. Kwa Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake hutengana kwa heshima. Hawali pamoja, hawalali chini ya pazia moja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Sisi Wakikuyu tuna adabu zetu za ukwe pia, lakini vichaka tunawaachia mbuzi.

Basi Nzioka akapata wazo. Wakati huo Njiru ilikuwa shamba tupu na barabara. Malori ya mawe na ya mchanga kutoka Ukambani yalisimama pale kupoza injini, palikuwa na vibanda vya chai, mtu wa kuziba magurudumu, na punda wengi kuliko watu. Wenzake wote waliokuwa na akiba walikuwa wakinunua mashamba mbali huko au kuingia vyama vya kununua mashamba. Yeye alinunua ploti nyembamba kando ya barabara, na alipotueleza atajenga ghorofa, uwanja ulicheka wiki nzima.

"Gorofa Njiru?" jirani mmoja alimuuliza. "Nani atalala huko juu, fisi?"

"Mautingo wanaopakia wanalala chini ya malori," Nzioka alijibu. "Madereva wanalala kwa sterini. Hao si watu? Wacha mimi nijenge, wewe endelea kucheka, meno nayo ipate hewa."

Hiyo ndiyo hesabu aliyowaambia wanaume. Ile ya kweli alimwambia Karanja, nami nilikuwepo nikichanganya zege. Alitaka chumba kimoja kiwe cha Susu, chenye mlango wake na ufunguo wake, ili mkewe aache kupanda basi. Mama Mwikali aliuza kibanda chake cha Gikomba na kila kitu ndani yake, akatia pesa yote humo.

Tulijenga kwa kupumzika, kama wanavyojenga watu wasio na benki. Mawe yakija tunajenga, simiti ikiisha tunaenda kutafuta kazi kwingine. Msingi ulikaa msimu mzima wa mvua ukiota magugu, Karanja akapita kila mara kuyang'oa kama mtu anayepalilia mahindi. Mawe yalichongwa kwa mkono palepale. Machimboni walikuwa Wakamba wengi, na kwa kubishana nao juu ya mawe yaliyopinda nikajifunza Kikamba cha matusi kwanza na cha salamu baadaye.

Nyumba ilipokamilika ilikuwa nzuri, sioni haya kusema. Chini kulikuwa na maduka mawili yanayotazama barabara, na nyuma yake chumba cha Nzioka na mkewe. Ngazi ilipanda kutoka uani, kando ya mlango wao. Juu kulikuwa na vyumba kwenye ubaraza mmoja, na kile cha mwisho, juu ya duka, kilikuwa cha Susu. Nzioka alikichagua mwenyewe. Alisimama ndani yake kabla hatujaezeka, akageuka huku na huku, akasema vumbi la malori halitafika hapo na jua la asubuhi litaingia moja kwa moja kitandani. Wazee wanapenda jua, alisema.

Siku ya kumpokea Susu, Nzioka alimkaribisha kwa kutokuwepo. Alibaki machimboni tangu asubuhi ili wasikutane. Susu alishuka kwenye basi na binti yake, mwanamke mrefu, mkavu, ameshika fimbo na kiondo. Aligusa kuta, akanusa rangi, akachungulia maduka. Mama Mwikali alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Walipofika uani, Susu alisimama chini ya ngazi akaelekeza fimbo kwenye mlango wa karibu.

"Huu ni wa nani?"

"Wetu, mama. Mimi na Baba Mwikali."

"Na mimi nikishuka asubuhi kwenda msalani, napita wapi?"

"Hapa."

"Na yeye akitoka kwenda kazini?"

Susu alitazama ngazi juu mpaka chini, akaitazama kama mtu anayepima kitambaa.

"Njiani kuna kichaka," alisema. "Ngazini hakuna kichaka."

Akageuka, akatoka, akaenda kuketi juu ya mawe tuliyobakiza kando ya barabara, kiondo mapajani. Alikuwa anasubiri basi la kurudi Kangundo. Mama Mwikali alimfuata, akambembeleza, kisha akaketi kando yake na gauni lake jeupe juu ya vumbi lile. Nilimsikia akisema, "Ukirudi, ninarudi na wewe. Sitakuacha tena peke yako na ule ukuta." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Kibanda cha Gikomba kilikuwa kimeuzwa, chumba cha Shauri Moyo kilikuwa kimerudishwa kwa baraza. Mama Mwikali akiondoka, Nzioka angebaki na ghorofa na asiwe na nyumba.

Tulimtuma mtu machimboni. Nzioka alikuja na lori lakini alilisimamisha mbali, mbele ya kona, akatuita Karanja na mimi tuingie kabini. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa injini imezimwa.

"Fundi," alimwambia Karanja, "nimefikiria kitanda, nimefikiria jua, nimefikiria vumbi. Nimesahau mama hutembea."

Karanja hakumlaumu, na hakujilaumu. Aliuliza kama wawili hao wanaweza kubadilishana vyumba. Haikufaa. Nzioka akikaa juu, Susu chini angekuwa anasikia viatu vya mkwewe vikitembea juu ya kichwa chake, na ngazi bado ni ile ile. Kulikuwa na wazee walioshauri mbuzi wa kuondoa aibu, Susu akasema kwamba mbuzi huliwa siku moja na aibu hukaa. Mchungaji wao alikuja jioni hiyo na kusema mambo hayo yalikwisha msalabani. Susu alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba mchungaji aanze yeye kuoga bafu moja na mama mkwe wake, kisha aje atoe ushuhuda. Mchungaji alikunywa chai akaondoka.

Basi la mwisho lilipita bila Susu kwa sababu mama wa kibanda cha chai alimnyang'anya kiondo na kumpa kitanda. Tukawa tumepata nafasi.

Asubuhi Karanja alizunguka nyumba polepole akigusa ukuta. Kati ya ukuta wa kando na ua wa mpakani kulikuwa na kichochoro ambacho hakingetosha chumba, lakini mtu mwenye kiondo angepita. Kilianzia nyuma, karibu na choo na geti dogo, kikaishia mbele, chini ya dirisha la Susu. Karanja akasema dirisha lile liwe mlango, na ngazi ipande hapo, nyuma hadi mbele, isikutane na ile nyingine popote. Kisha akajishika magoti akanitazama.

"Hii ni yako," aliniambia. "Mimi magoti yangu yameshachagua ngazi za kupanda."

Sikuwahi kujenga ngazi peke yangu. Nilianza kuchora mstari ukutani kwa mkaa, kwa vipimo vya ile ngazi ya uani, akanizuia. Akaniambia nimfuate Susu kibandani. Tukapanga mawe mbele yake, moja moja, la chini na la juu zaidi, akamwomba akanyage. Susu alidhani tuna wazimu, lakini alikanyaga. Karanja hakutazama mawe. Alitazama uso wake. Jiwe lilipomkunja uso, tukaliondoa, tukachukua lile la kabla yake.

"Ngazi hujengwa kwa mguu wa anayepanda," alisema. "Na vidato vyote viwe sawa. Mguu hukumbuka kuliko kichwa. Kimoja kikizidi vingine kwa unene wa kidole, hapo ndipo mtu ataangukia, hata akipanda miaka kumi."

Chuma hakikuwepo, kwa hiyo nilijenga ngazi nzito ya mawe matupu kutoka chini, na kila kidato kikawa jiwe moja refu. Nzioka aliyachagua machimboni na kuyaleta kwa lori lake, akayashusha mbele ya kona, tukayavuta kwa magogo. Vidato vikawa vifupi kwa kimo na vipana kwa kina, kwa sababu Karanja alisema mzee atataka kupumzika katikati na asiketi nusu kama kuku.

Palibaki jambo moja. Chumba cha Nzioka kilikuwa na dirisha dogo upande ule wa kichochoro, na ngazi ilipita palepale. Dirisha likibaki, yeye kitandani angemwona Susu akipita. Nilitaka kuliziba tu. Karanja akakataa, chumba cha kulala bila hewa ni kifua kikuu. Nikaziba, ila nikaacha tundu la hewa, nikapanga ndani yake vipande vya tofali vikiwa vimelala mshazari, safu juu ya safu. Hewa ikapita na jicho lisipite. Niliingia chumbani na kutoka kichochoroni mara nyingi nikichungulia kutoka kila upande, mpaka watu wa chai wakauliza kama nimepoteza kitu.

Siku zege la mlango lilipokauka, Susu alikuja na fimbo yake. Akapanda. Katikati, palepale kando ya tundu la hewa, aliketi akapumzika, akatazama ua, akasema, "Hapa panatosha." Nilijua ni jiwe alilokuwa anasifu na bado nilifurahi kama ananisifu mimi. Akainuka, akaingia chumbani kwake kwa mlango wake, akaufunga. Mama Mwikali alilia akiwa amesimama na ndoo ya maji. Kule mbele ya kona, lori likapiga honi ndefu, maana mtu alikuwa ametumwa kumwambia.

Tangu siku hiyo Karanja hakuchimba msingi kabla ya kumuuliza mwenye nyumba, "Nani atalala wapi, na nani hapaswi kukutana na nani?" Watu walimwona mmbea. Nimeuliza swali hilo maisha yangu yote, kwa Wakikuyu, kwa Wakamba, kwa Waluhya, hata kwa Mhindi mmoja aliyenijibu kwa saa nzima. Nyinyi mnapewa ramani na kuanza kumwaga. Ramani haijui mama mkwe wa nani anakuja kukaa.

Nyumba ilijaa. Mautingo, madereva, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, fundi wa magurudumu na watoto wake. Wale waliocheka Shauri Moyo walianza kuja Jumapili kuuliza ploti. Nami niliitwa mara kwa mara kuziba paa au kubadilisha bomba, na kila nikifika nilisikia Nzioka akikohoa kabla ya kutoka uani. Alikohoa kikohozi cha mtu mzima kabisa, kisha akasubiri kidogo Susu apishe, ndipo akafungua mlango. Wapangaji wapya walimpa dawa.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini lori lilimwangukia. Si lote, ni mawe yaliyoporomoka wakati wa kupakua, yakamvunja mguu na nyonga. Akalala kitandani miezi mingi katika chumba kile cha nyuma. Wenzake walikuja siku za kwanza kwa wingi, kisha kwa uchache, kisha wakawa wanapiga honi barabarani wakipita. Mkewe alikuwa dukani kutwa nzima, kwa sababu sasa duka ndilo lililokuwa likiwalisha. Nzioka alikuwa mtu wa njia, na kitanda kilianza kumla. Aliacha kunyoa. Mama Mwikali aliniambia kwamba alikuwa amegeukia ukuta na haongei.

Nilikwenda siku moja kurekebisha tangi la maji. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Nilikuwa juu ya paa upande wa kichochoro niliposikia sauti ya Susu. Alikuwa ameketi kwenye kidato chake cha katikati, mgongo ukutani, fimbo magotini, akitazama mbele kuelekea ua, na alikuwa akiongea na tundu la hewa.

"Mkwe, umekula?"

"Nimekula, mama," ukuta ukajibu.

"Umekula nini?"

"Mahindi ya muthokoi."

"Ya huyo msichana wangu? Ina mawe."

Nikasikia kitu ambacho Mama Mwikali alisema hakijasikika nyumbani humo tangu ajali. Nzioka alicheka. Kicheko kilimuuma nyonga, akaguna, akacheka tena.

Kumbe Susu alikuwa anakuja kila jioni. Mwanzoni alikuwa anaketi tu na kumwambia ukuta habari: nani amezaa Kangundo, mvua imefika wapi, punda wa nani amevunja ua. Hakuna sheria waliyoivunja. Hawakuonana, hawakula pamoja, hawakuwa chumba kimoja. Adabu yenyewe iliyowatenga miaka yote ndiyo iliyowapa mahali pa kuongelea, maana kama isingekuwepo ngazi ile nisingeacha tundu lile. Nilibaki juu ya paa na spana mkononi, naona aibu kusikiliza na sitaki kushuka.

Baadaye kidogo Nzioka ndiye aliyeuliza.

"Mama. Huko juu, jua linaingia?"

Alikuwa amejenga chumba kile kwa ajili ya jua hilo, na miaka yote hiyo hakuwa amepata namna ya kuuliza.

"Linaingia asubuhi," Susu akasema. "Linanikuta kitandani."

"Basi," Nzioka akasema. "Ni sawa."

Niliacha tangi likivuja mpaka kesho yake.

Nzioka alipona, akachechemea, akarudi barabarani. Jioni alizokuwa nyumbani walikuwa bado wakiongea, yeye kitandani na Susu jiweni. Susu alipofariki, kwa uzee tu, mchana, Nzioka aliniita akaniomba jambo moja: nisizibe tundu lile. Nikamwambia sikuwa na nia. Mpaka naye alipofariki, miaka mingi baadaye, hakuwahi kukanyaga hata kidato kimoja cha ngazi ile aliyoilipia. Karanja alikuwa ameshazikwa kwao Murang'a, na mwiko wake alinigawia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kuushika bila kupigwa kikofi, na nililia kama mtoto, kwa nini nifiche.

Njiru mnayoijua nyinyi haina punda. Mwikali ameolewa na mwalimu, wakaamua kubomoa ile nyumba ya baba yake na kusimamisha ghorofa refu la kupangisha. Walinitafuta mimi nisimamie, na hiyo ndiyo ikawa kazi yangu ya mwisho. Nilimuuliza Mwikali nani atalala wapi. Akacheka. Mama Mwikali anakaa nao sasa, anakula meza moja na mkwewe, wanabishana juu ya habari za runinga mpaka chai inapoa. Hakuna anayekohoa. Sisemi ni vibaya. Nilifurahi kuwaona.

Tulipofika kubomoa ngazi ya kichochoroni, vijana wangu walikuwa wakiuliza, "Hii plot ndogo hivi iko na ngazi mbili ya nini?" Kisha mmoja akaita. Alikuwa ameinua jiwe la katikati. Vidato vyote vilikuwa bado na alama za tindo langu, ukipitisha kiganja zinakwaruza. Hilo moja lilikuwa limelainika katikati, na limebonyea kidogo.

"Buda, hili mlipiga na mashine gani?"

Nikawaambia walifunge na gunia na wasiliguse.

Mama Mwikali ndiye aliyesema liwekwe wapi. Nyumba ilipokamilika alinipeleka kwenye baraza ndogo ya chumba chake, akanionyesha kona linapofika jua la asubuhi. Nililiweka mwenyewe. Nililipima kwa mpira wa maji, vijana wakacheka, magoti yakalia, nikamaliza. Alishuka kukaa polepole, akishika ukuta. Umri wake sasa ni ule wa Susu, au umeupita. Alipitisha kiganja juu ya jiwe, akaegemeza mgongo, akatazama mbele, si kwangu.

"Fundi," aliuliza, "umekula?"

Nilikuwa nimekula. Nikamwambia bado.